Kibanda Ambamo Mama Hafi

Katika kibanda cha video cha Mama Apolot, pale Malaba mpakani, nyuma ya foleni ya malori, hakuna mama aliyewahi kufa. Sinema iwe ya twiga, iwe ya binti mfalme, iwe ya vidudu vyenye macho kama sahani, mama huvuka tu. Picha inaanza, wimbo unaimbwa, mama anamkumbatia mtoto wake, kisha radi inapiga au watu wabaya wanatokea, na mama haonekani tena. Hapo Mama Apolot anasogeza maiki mdomoni na kusema bila haraka, "Mama amevuka. Ameenda Tororo sokoni. Atarudi." Na watoto wa Jumamosi, waliobanana kwenye mabenchi, wanapaza sauti pamoja naye, "Amevukaaa!" Wanacheka, sinema inaendelea.

Mwishoni, watu wa kwenye picha wanapokusanyika kushangilia, Mama Apolot huchagua mwanamke yeyote wa makamo katika ule umati. "Yule pale mwenye kitambaa cha bluu ndiye mama yake. Amerudi. Mnaona alivyonenepa? Tororo kuna chakula." Watoto hupiga makofi na kwenda nyumbani wameridhika.

Jina lake la kuzaliwa ni Akiteng, lakini Malaba nzima, kuanzia madereva mpaka wapika chapati, humwita kwa jina la mtoto wake wa pekee. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shingo isiyopinda. Shule aliacha darasa la pili, siku mwalimu alipomchapa kwa kosa la mwingine. Alichukua slati yake akaenda nyumbani Adungosi, hakurudi tena, na hajawahi kusema kwamba alijuta. Anaandika jina lake, anasoma namba za malori, na hayo yanamtosha.

Kibanda kilijengwa na mume wake, mzee Okwakol, kwa mbao na mabati. Mzee alipofariki, kazi ya kutafsiri sinema ilikuwa ya kijana mmoja aliyeitwa Emong, mwenye Kiingereza chepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kisha Emong akapata kazi Mbale, akaondoka bila kuaga. Jumamosi watoto wakaja, wakakaa, wakangoja. Mama Apolot akatazama mabenchi yaliyojaa, akatazama maiki iliyolala juu ya spika, akasema, "Kwani Emong alizaliwa na maiki?" Akaiwasha.

Kiingereza chake ni cha barabarani: kamu, go, pepaz, no paking. Lakini macho anayo. "Mtu akifungua mdomo na nyusi zikapanda, huyo anadanganya," huwaambia wanaomcheka. "Akinyamaza na kutazama chini, huyo anapenda. Hiyo inataka Kiingereza?" Na kweli, watoto hawakumlilia Emong hata wiki moja. Mtoto anataka tu sauti ya mtu mzima gizani, inayomwambia nini kinaendelea.

Sasa, katika kuziangalia hizo sinema za watoto mwaka baada ya mwaka, aligundua jambo lililomsumbua kuliko alivyotaka kukubali. Wachoraji wa hizi picha hawataki akina mama. Wakimwacha mama, wanamwondoa baba. Mara nyingi wanaondoa wote wawili, na popo na paka wanabaki. Siku moja alimwendea Onyuka, kijana mpole mwenye duka dogo, ambaye ndiye humjazia sinema kwenye flashi.

"Wewe Onyuka, huna hata moja yenye mama mzima?"

Onyuka akajikuna kichwa. "Mathe, hizi ndizo ziko. Iko moja ya kuku..."

"Mama yake yuko?"

"Aah. Alichukuliwa na mwewe."

"Nyingine."

"Ya farasi. Lakini huyo naye... hapana, mathe, wacha tu. Iko ya roboti."

"Mama wa roboti yuko wapi?"

"Roboti hana mama."

"Basi jaza ya roboti. Huyo angalau hakunyang'anywa."

Alipokuwa akirudi na flashi yake aliiwaza ile habari, na kabla ya kufika kibandani akawa amepata jibu. Mama akiwepo, sinema haiendi. Mtoto atasema anakwenda kutafuta ua la dhahabu ng'ambo ya milima saba, na mama atauliza: unaenda na nani? Umekula? Sweta iko wapi? Basi, sinema imekwisha, na watoto hata hawajakaa vizuri. Ndiyo maana wanamtoa njiani mapema. Hilo alilielewa, ingawa hakulipenda.

Asilolielewa ni hili lingine. Haya, mama ameondolewa. Mama wadogo wako wapi? Shangazi yuko wapi, mjomba je, nyanya je? Mbona hakuna jirani hata mmoja aliyeleta majani ya chai na sukari? Hakuna anayekaa matanga. Mtoto analia wimbo mmoja, anafuta machozi, anaingia msituni na chura. "Watu gani hawa," alikuwa akisema, "hata swala kwao hana ukoo."

Yeye basi aliwarekebishia. Akamrudisha kila mama kutoka Tororo. Na kama mtu wa Malaba alijua kwa nini hasa hakutaka neno kufa lipite kwenye maiki yake, hakumwambia, maana Mama Apolot si mtu wa kuambiwa.

Apolot aliolewa Marachi na kijana mwema, Oduori. Oduori aliugua, akafa, wakamzika kwao. Baada ya matanga Apolot alirudi Malaba kwa mama yake na mtoto mmoja mgongoni, Vivianne, akaanza biashara ya vitunguu. Alikuwa anapanda malori yanayokwenda Juba, anakaa huko kidogo, anarudi. Safari ya mwisho alipanda asubuhi, akapunga leso ya njano dirishani akasema, "Mama, Vivianne asikose chai. Nitarudi kabla shule hazijafungwa." Shule zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa. Baadaye dereva mmoja akaleta habari kwamba kuna lori lililoungua njiani, na watu ndani.

"Ulimwona?" Mama Apolot alimuuliza.

"Sikumwona, mama. Nilisikia."

"Basi umesikia. Endesha lori lako."

Tangu hapo, na sasa ni mwaka wa saba, kila lori linalorudi kutoka Juba huulizwa. Madereva wamezoea kumwona yule mzee mrefu akija kati ya magurudumu, mikono nyuma. "Mwanangu, hujaona mwanamke mrefu, meno ya mbele yameachana, anaitwa Apolot?" Wanajibu kwa adabu. Hakuna aliyemwona.

Vivianne yuko gredi ya sita. Ni mtoto wa maneno machache, kidevu amekiinua kama cha nyanya yake, na Kiingereza chake ni kizuri mpaka mwalimu humwachia asome mbele ya darasa. Wenzake wakitaka kumchokoza hawamtukani. Husema tu, kwa sauti nzito ya maiki, "Mama ameenda Tororo sokoni." Yeye hajawahi kupeleka mashtaka nyumbani.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya mahindi, mzee Wandera akaja kutoka Marachi. Wandera ni kaka mkubwa wa marehemu Oduori, kwa hiyo Vivianne humwita baba mkubwa, na Mama Apolot kwake ni mkwe. Na kwa watu hawa, mkwe haingii anapokaa mama mkwe, hamtazami usoni, hali chakula chake, na neno zito hawaambiani wao kwa wao. Linapitia kwa mtu wa tatu. Wandera alishuka kwenye pikipiki na kofia mkononi, akasimama nje ya kibanda akielekea barabarani, mgongo kwa mlango. Mama Apolot aliposikia sauti yake aliingia ndani akakaa kwenye benchi la mwisho. Ukuta wenyewe ni bati moja. Mtu akikohoa ndani, wa nje anasema pole.

Vivianne akawekwa mlangoni kama afisa wa mpaka, apitishe maneno.

"Vivianne, mwambie nyanya yako tunamsalimu sana."

"Nyanya, baba mkubwa anakusalimu sana."

"Mwambie nimesikia, masikio bado ninayo. Muulize watu wa kwao wazima?"

Wazima, mvua imenyesha, ng'ombe mmoja amezaa. Yakapita hayo. Wandera akazungusha kofia yake.

"Mwambie mama kwamba tunajengea kaburi la Oduori. Kando yake tumeacha mahali. Wazee wamekaa, wamesema huu ni mwaka wa saba. Tunaomba tumlaze mke wa ndugu yetu."

Vivianne alisema yote, neno kwa neno, akitazama ardhi.

"Muulize watamlaza nani, wakati hawana mtu."

"Mwambie ajue desturi yetu. Mtu asipoonekana tunakata mgomba, tunauvisha, tunauzika kwa heshima zote. Tunamlilia. Si kwa ubaya. Ni ili watu wa nyumbani wapumzike."

Kisha ile sauti ya maiki ikatoka bila maiki.

"Mwambie mimi sikuzaa mgomba. Nilizaa mtu."

Vivianne akageuka. "Nyanya anasema hakuzaa mgomba. Alizaa mtu."

Wandera akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetegemea hilo. "Mwambie mama nimesikia. Nitarudi baada ya juma moja, labda moyo utakuwa umetulia."

"Mwambie moyo umetulia tangu asubuhi."

Pikipiki ikaondoka. Vivianne alibaki mlangoni muda mrefu, akitazama vumbi.

Jumamosi ile Onyuka alikuwa amejaza sinema mpya. Ilikuwa ya mnyama mdogo wa mtoni, mwenye manyoya na masharubu, anayeogelea kwa mgongo. Mama Apolot hakumjua ni mnyama gani, akamwita fisi-maji, na watoto wakakubali. Fisi-maji mdogo alikaa na mama yake kwenye kingo za mto, wakila konokono. Mvua ikaja, mto ukavimba ukawa wa rangi ya chai, miti ikang'oka.

"Hiyo ni Nzoia!" mtoto mmoja akapiga kelele. "Hiyo ni kwa shangazi yangu Budalang'i!"

Mama fisi-maji akamsukuma mtoto wake juu ya gogo. Akasukuma mara ya pili. Maji yakamfunika, na hayakumfunua. Asubuhi ilipofika kwenye picha, mto ulikuwa laini, na mtoto alikuwa juu ya gogo anaita. Kobe mmoja mzee sana akatoka majanini, akamsogelea, akamwambia maneno polepole kwa Kiingereza.

Mama Apolot akainua maiki. "Huyu kobe anasema: usilie. Mama ameogelea ng'ambo. Amevuka. Ameenda..."

"Amevukaaa!" kibanda kizima.

"Nyanya, amekufa."

Haikuwa sauti ya kupiga kelele. Vivianne alikuwa amesimama kwenye benchi la tatu, mikono imenyooka kama anayesoma mbele ya darasa.

"Kaa chini, wewe."

"Kobe amesema. Amesema mama yako hatarudi, mto umemchukua. Mimi nasikia Kiingereza, nyanya. Kila Jumamosi nasikia."

Watoto wakaacha kutafuna. Kasichana kadogo mbele, Sheilah, binti wa mpika chapati, kakageuza shingo. "Na wale wengine? Yule wa twiga?"

"Naye pia."

"Na mama wa binti mfalme? Yule wa kitambaa cha bluu?"

"Wote," Vivianne akasema. "Wote walikufa tangu zamani. Yule wa kitambaa cha bluu ni mtu tu."

Sheilah akaangua kilio, na aliyekuwa karibu naye akalia kwa sababu Sheilah analia, na kabla ya mtu kufanya lolote benchi la mbele lote lilikuwa linawalilia kina mama wa miaka na miaka. Mama Apolot akazima runinga.

"Video imeharibika," akasema. "Nendeni nyumbani kwa mama zenu."

Alasiri ile walikaa nyuma ya nyumba wakibambua karanga kwenye ungo mmoja. Maganda yalilia pa, pa, pa. Mama Apolot alikuwa anangoja aombwe msamaha, na alikuwa tayari kuukataa. Haukuja.

"Nyanya," Vivianne akasema mwishowe, "wale watoto wa sinema wanalia mara moja. Halafu wimbo unaanza, wanaamka, wanaenda."

"Ni wajinga. Hawana wa kuwazuia."

"Mimi sijawahi kulia."

Mama Apolot akaacha kubambua.

"Ulisema anarudi. Kwa hivyo nikilia, ni kama mimi ndiye ninamuua." Akaokota karanga iliyoanguka, akaipuliza vumbi, akairudisha kwenye ungo. "Shuleni wakiniuliza mama yako yuko wapi, sijui niseme nini. Sheilah ana jibu. Hata yule fisi-maji ana jibu sasa."

Mama Apolot akatazama ungo. "Maganda yanaingia kwenye karanga," akasema. "Angalia kazi yako."

Lakini usiku hakulala vizuri, na kesho yake, kwa mara ya kwanza, lori la Juba lilipita akiwa amekaa mlangoni, na hakuinuka. Halafu alijikasirikia, akalifuata mpaka kwenye kizuizi, akauliza. Dereva hakuwa amemwona.

Siku ya ahadi Wandera akarudi. Akasimama palepale, akielekea barabarani, kofia mkononi. Mama Apolot akaingia ndani, benchi la mwisho. Vivianne akashika mlango.

"Mwambie nyanya yako nimerudi kwa lile neno."

"Nyanya, baba mkubwa amerudi kwa lile neno."

"Mwambie nilishalijibu. Sina lingine."

Vivianne hakugeuka mara moja. Alitazama ndani, kwenye giza la kibanda, akatazama nje kwenye mwanga. Kisha akasema kwa sauti safi:

"Nyanya anasema ni sawa. Anasema mkamlaze mama. Ila mgomba ataukata yeye mwenyewe, kule shambani Adungosi, ule alioupanda mama kwa mkono wake."

Gari likapiga honi barabarani, likanyamaza. Bati lile, nimeshasema, ni moja tu. Wandera alikuwa amesikia maneno yalivyoingia mlangoni na alikuwa amesikia yalivyotoka. Akainua kichwa kidogo. Angeweza kucheka, angeweza kumkemea mtoto. Lakini desturi ni desturi: yeye na mama mkwe hawajaambiana kitu, na neno ni lile lililoletwa na mjumbe. Akasema kwa upole sana, bado akitazama malori:

"Vivianne, muulize nyanya kama hayo ndiyo maneno yake."

Mtoto akaingia hatua moja ndani. Kidevu kilikuwa juu, lakini midomo alikuwa ameibana upande mmoja vilevile mama yake alivyokuwa akiibana akivunja kikombe. "Nyanya, baba mkubwa anauliza kama hayo ndiyo maneno yako."

Mama Apolot alikuwa amekwisha kufungua mdomo kumfukuza. Ndipo jicho lake likaangukia maiki, pale juu ya spika. Miaka yote hii alikuwa ametia maneno midomoni mwa watu ambao hakuwasikia lugha yao. Aliwatia maneno yaliyomfaa yeye, na kila Jumamosi mtoto huyu alikaa benchi la tatu, anayasikia yale ya kweli, anayameza, ananyamaza. Hakumwaibisha nyanya yake mbele ya watu hata siku moja, mpaka yakamjaa shingoni. Leo mtoto amefanya lile lile aliloliona likifanywa. Na ametia maneno mazuri. Mgomba ule wa Adungosi, hata yeye Akiteng asingeufikiria.

Angesema la, mjumbe angekuwa mwongo mbele ya ukoo wa baba yake, na asingeaminiwa tena mlango wowote. Angesema ndiyo, basi ndiyo ingekuwa imesemwa.

"Mwambie," akaanza, akakohoa. Nje Wandera akasema pole. "Mwambie ndiyo. Ni maneno yangu. Na mwambie wasije wakaleta mgomba wao wa Marachi. Nimeiona migomba yao. Myembamba."

"Nyanya anasema ndiyo," Vivianne akasema, na zaidi ya hapo hakuweza kupitisha.

Walizika siku ya Alhamisi. Mama Apolot aliukata mgomba mwenyewe kwa panga, hakuruhusu mtu amsaidie, akauvisha gauni la Apolot la kanisani, na kwa sababu leso ya njano ilikuwa imekwenda na mwenyewe, akaufunga leso yake yeye. Kule Marachi walikuta watu wamejaa uwanjani, turubai limefungwa, sufuria ziko motoni. Padri alisoma, wazee wakasema. Wakati wa kushusha, Vivianne alilia. Alilia kwa sauti kubwa, bila haya, kama mtoto wa miaka mitano, umri aliokuwa nao leso ilipopunga dirishani. Wanawake wa Marachi wakamzunguka, wake wa baba zake, huyu anamshika bega, yule anamfuta kamasi, mwingine tayari anauliza kama ameshakula. Mama Apolot aliwatazama kutoka pale wakwe walipomwekea kiti. Akawaza: hawa ndio wale waliokosekana. Kumbe wote walikuwa huku.

Yeye hakulia. Alisema mgomba ni mgomba, na mpaka leo anasema hivyo. Baada ya mazishi mama mmoja wa pale alitaka kujua, kwa heshima, kama sasa wamwite Akiteng au vipi. "Jina langu halikuwemo kwenye lile shimo," akamjibu. "Mimi ni Mama Apolot." Na malori ya Juba bado anayauliza. Tofauti ni kwamba siku nyingine Vivianne huenda naye, anasimama kando yake kati ya magurudumu, anasikiliza jibu, na wakirudi hushika mkono wake.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuja wengi kuliko kawaida. Walitaka ile ya fisi-maji, waone mwisho wake. Sheilah alikaa mbele kabisa, na kitambaa cha kufutia macho alikibeba kutoka nyumbani. Mto ukavimba, mama akasukuma gogo, akasukuma tena, maji yakamfunika. Watoto wakageuka kutazama maiki. Hakuna aliyethubutu kuitikia kitu.

"Huyu mama amekufa," Mama Apolot akasema.

Akabonyeza rimoti, picha ikasimama kwenye maji. "Simameni. Toeni kofia. Mtu akifa haendi tu kama chupa ya soda." Wakasimama. Malori yalinguruma nje. Kisha akawaketisha. "Haya. Mama hayuko. Nani atakaa na mtoto?"

Ulizuka ubishi. Wengine walitaka yule ndege mwekundu aliyeonekana mtini, wengine wakasema ndege hana makao. Mtoto mmoja akajitolea yeye mwenyewe.

"Kobe," Vivianne akasema kutoka benchi la tatu. "Ni mzee, na ni mbishi."

Wakacheka, na mwenye maiki akawaacha wacheke. "Basi kobe ni nyanya yake," akasema. "Imepita."

Picha ikatembea. Kobe akatoka majanini, akamsogelea mtoto, akasema maneno yake ya polepole. Safari hii Mama Apolot alimtazama sana usoni kabla ya kutafsiri.

"Kobe anasema: mama yako hatarudi. Mto umemchukua. Anasema: mimi niko." Kobe akaongeza jambo, refu, akitikisa kichwa. "Sasa anauliza: umekula?"

Watoto wote wakageuka kumtazama Vivianne, na tangu siku hiyo ndiyo desturi yao.

"Ndivyo alivyosema," Vivianne akajibu.